Taa ya Kijani na Mlango wa Kapernaumu



Tulikuwa tumekusudia mwezi huu kuandika juu ya zaka na sadaka ya shukrani, maana mananasi yamekwisha kuuzwa na kila mtu anajua alichopata. Tumeliweka kando hilo. Lipo jambo lililotupata safarini, nalo mpaka leo halijasemwa wazi katika mtaa wetu. Linasemwa chinichini, dukani, bombani, na hata pale uwanjani baada ya Misa, na kila lisemwapo humwangukia mtu mmoja ambaye hayupo kujitetea. Twaona ni haki lisemwe hapa, mahali ambapo kila mtu atalisoma.

Wengi wenu mwajua kwamba tulikodi basi dogo kwenda Dar es Salaam kwa ibada ya kuwekea mikono mashemasi. Dereva alikuwa kijana wetu wa hapa hapa Kiwangwa, aliyebatizwa katika kanisa hili. Tuliagana kuondoka saa kumi na moja za alfajiri. Tukaondoka saa kumi na mbili na robo, kwa sababu zile zile mnazozijua: huyu anapiga pasi kanzu, yule amesahau kitambaa cha kichwa, wa tatu amesema yuko njiani na kumbe hajatoka kitandani. Ikumbukeni saa hiyo, maana ndiyo mwanzo wa kosa. Lami kutoka kwetu mpaka Makofia ni nzuri, tukaenda vizuri, tukaimba. Mapinga tukaimba. Bunju tukaimba. Tulipofika Tegeta wimbo ukakatika wenyewe, maana foleni ilikuwa imeanza, na kila mtu akawa anatazama saa.

Mbele zaidi tulifika kwenye makutano makubwa yenye taa. Katikati ya makutano yale barabara imepakwa rangi ya njano, mistari iliyokatizana kama wavu, ndani ya mraba mkubwa. Taa yetu ilikuwa kijani. Lakini ng'ambo ya makutano magari yalikuwa yamesimama, yamebanana, hata pikipiki isingepata pa kujipenyeza. Dereva akasimama kabla ya mstari wa njano.

Hapo ndipo tulipoanza. Nyuma yetu walipiga honi, na sisi ndani tukapiga honi za midomo. Bibi mmoja akasema, "Mwanangu, kijani hiyo, unangoja nini?" Dereva akajibu kwa adabu, "Bibi, mbele kumejaa, sina pa kutokea." Mwingine akasema ibada inaanza saa tatu na Baba Askofu hangoji mtu. Mwingine akamwuliza kama leseni yake aliinunua dukani. Na sisi tunaoandika haya, tuliopewa kiti cha mbele karibu naye kwa heshima ya uzee wa kanisa, tulisema maneno ambayo twayakumbuka vizuri: "Sogea kidogo tu, watatupisha." Akasogea. Basi lote likaingia ndani ya mraba wa njano, kichwa na mkia, na kule mbele hakusogea mtu. Taa ikawa nyekundu nyuma yetu. Wa barabara ya pili wakapata kijani chao, wakaja mpaka ubavuni mwetu, wakasimama. Hawakuweza kupita mbele yetu wala nyuma yetu.

Ndipo tukasikia king'ora.

Gari la wagonjwa lilikuwa katika barabara ile ya ubavuni, nyuma ya magari manne au matano. Magari yale yalitaka kulipisha, yakajibanza huku na huku, lakini yangelipisha liende wapi? Mbele yao tulikuwa sisi, ukuta wa bati wenye maneno ya kumsifu Mungu yaliyoandikwa kwenye kioo. Twaliona lile gari, taa yake ikizunguka juu ya paa za magari mengine. Hakuna aliyesema neno ndani ya basi. Yule bibi aliinamisha kichwa akaanza kusali kimoyomoyo. Kisha foleni ya mbele ikasogea, tukatoka, na gari lile likapita nyuma yetu kwa kasi. Hatukutazama saa wakati huo, ingawa tulikuwa tumezitazama njia nzima. Mmoja wetu asema zilikuwa dakika mbili, mwingine asema tano. Aliyekuwa amelala ndani ya gari lile angetuambia vizuri zaidi. Hatujui alikuwa nani, wala kama alifika salama, wala hatutajua.

Ibadani tulifika, tukakuta Injili imekwisha kusomwa.

Jioni tulirudi. Tukiwa bado mjini tulipaswa kumshusha mama mmoja kwa binti yake, na kwa hiyo dereva alitaka kupinda kulia katika makutano mengine yenye mraba wa njano kama ule wa asubuhi. Taa ilikuwa kijani. Akawasha indiketa, akaingia ndani ya mraba, akasimama katikati, akangoja magari yaliyokuwa yakija kutoka mbele. Basi zima likalipuka. "Unarudia tena!" "Hukukoma asubuhi?" "Leo utatuua sisi au utaua wengine?" Kijana hakujibu. Magari ya mbele yalipokwisha alipinda, akaingia barabara yake, na hakuna hata baiskeli moja iliyozuiliwa na sisi. Lakini tangu pale mpaka Kiwangwa hakutoa neno, hata aliposhukuriwa kwa safari aliitikia kwa kichwa tu.

Hizi sasa ni Jumapili tatu hatujamwona kanisani. Na maneno yanayozunguka ni haya: yule kijana hajui sheria, alizuia gari la wagonjwa, na jioni akarudia kosa lile lile.

Ndugu zetu, lile la asubuhi alikosa kwa kutusikiliza sisi. La jioni hakukosa hata kidogo. Mtaa mzima umehukumu bila kuijua sheria, na sisi wazee tulikuwa wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya kufungua Maandiko yatupasa tuifungue sheria yenyewe, na wale wasio na gari watuvumilie, kwa maana katika basi lile watu wote walikuwa abiria na wote waliendesha.

Mraba ule wa njano si pambo la mji. Ulijaribiwa kwanza London, na mwaka 1967 ukaingia katika sheria za barabarani za Uingereza, kisha ukaenea katika nchi nyingi. Mwaka uliofuata, 1968, mataifa yalitiliana saini kule Vienna mkataba wa usafiri wa barabarani, na ndani yake limo neno hili: hata kama taa inamruhusu, dereva asiingie katika makutano ikiwa magari ni mengi kiasi cha kumlazimu kusimama humo na kuwazuia wa barabara ya pili. Rangi ya njano hukumbusha tu jambo hilo. Basi hata pale ambapo rangi imefutika kwa magurudumu na jua, na hata pale ambapo haikupakwa kamwe, jambo lenyewe halikufutika.

Kanuni ni fupi. Usivuke mstari wa kwanza wa njano mpaka uione nafasi yako upande wa pili, nafasi ya kulitosha gari lako zima. Mwenye pikipiki ahesabu pikipiki yake, na mwenye Fuso lililojaa mananasi ahesabu mpaka bodi ya nyuma, asije akatoa kichwa na kuacha mkia umewazibia wengine. Taa ya kijani haimwamuru mtu kwenda. Inamwambia kwamba zamu ni yake, basi. Kama njia ipo au haipo, taa haijui, macho yake ndiyo yajuayo. Anayekwenda moja kwa moja hana udhuru mwingine. Anayepinda kushoto hana udhuru vile vile, kwa kuwa hakuna anayekuja mbele yake wa kumzuia. Akikuta barabara ya kushoto imejaa, angoje nyuma ya mstari.

Lakini apindaye kulia amepewa ruhusa yake peke yake, na hapa ndipo tulipomwonea kijana wetu. Katika nchi yetu twaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo apindaye kulia hana budi kukatiza njia ya magari yanayokuja. Akingoja nyuma ya mstari mpaka yaishe, taa itageuka nyekundu naye bado yuko pale pale, na walio nyuma yake hali kadhalika, zamu hata zamu. Kwa sababu hiyo kanuni ile yasema: kama barabara anayoiendea iko wazi, na kinachomzuia ni magari yanayokuja tu, au wenzake walio mbele yake wanaongoja kupinda kulia kama yeye, aingie ndani ya mraba na kungoja humo. Awashe indiketa, akae karibu na katikati ya barabara, magurudumu ayaache yamenyooka, ili akigongwa kwa nyuma asisukumwe mbele ya wanaokuja. Wanaokuja wakipungua, au taa yao ikiwasimamisha, anamaliza kona yake na kuondoka. Hata kama taa yake mwenyewe imekwisha kubadilika, amalize, asirudi kinyumenyume. Ila atazame kwanza ile barabara ya kulia kabla hajaingia. Akiwa hakuitazama, na kumbe nayo imejaa, basi ruhusa haimhusu, naye ni sawa na sisi wa asubuhi.

Na pale askari wa usalama barabarani anaposimama katikati na kuongoza kwa mikono, kama tuonavyo Dar es Salaam nyakati za asubuhi na jioni, mkono wake unashinda taa. Twalisema hili kwa sababu wapo wanaobishana na askari wakimwonyesha taa.

Tumeona pia Serikali ikijenga njia za juu, ile ya Mfugale pale Tazara iliyofunguliwa mwaka 2018, na ile ya Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, ambako barabara moja hupita juu ya mwenzake. Twashukuru. Lakini makutano ni mengi kuliko madaraja, na pale pasipo daraja watu hawana njia ila kupishana.

Sasa tuyaendee Maandiko. Fungueni Injili ya Marko, sura ya pili, mwanzo kabisa. Bwana wetu amerudi Kapernaumu, habari zimeenea kwamba yumo nyumbani, na watu wamekuja wengi hata mlangoni hapana nafasi. Yeye yuko ndani anasema nao neno. Ndipo wanakuja watu wanne wamechukua mgonjwa wa kupooza, wanakuta hapapitiki. Mnajua walivyofanya: walipanda juu, wakafumua dari, wakamteremsha mwenzao na godoro lake mpaka mbele ya Bwana.

Mahubiri mengi tuliyoyasikia juu ya sura hii huwasifu wale wanne, na ni haki wasifiwe. Sisi leo twaomba mtazame mlango. Marko hasemi kwamba watu wale wa mlangoni walikuwa waovu. Hawakuwa walevi wala wachuuzi waliovamia nyumba. Walikuja kumsikiliza Bwana, walitangulia kufika, zamu ilikuwa yao. Kama pangekuwa na taa pale Kapernaumu, yao ingekuwa kijani. Nao, kwa kusimama mahali pema kwa nia njema, walimzibia mgonjwa njia ya kumfikia Yule ambaye wao wenyewe walikuja kumsikiliza. Wala hatusomi kwamba mmoja wao aligeuka nyuma akasema, "Jamani, tubanane kidogo, yuko mgonjwa." Labda hawakusikia. Labda walidhani mwingine atapisha. Wa mbele wote migongo yao ilikuwa imegeukia nje.

Na sisi tulikuwa tunakwenda ibadani. Hilo ndilo lililotuuma kuliko yote tulipokaa kufikiri. Kama tungekuwa tunakwenda kwenye pombe, dhamiri ingetusuta mapema. Lakini mtu aendaye kanisani amevaa kanzu nyeupe huona kila kimzuiacho kuwa kinamzuia Mungu, na dereva anayesimama kwenye taa ya kijani huwa ni mvivu wa mambo ya Bwana. Tulimharakisha kijana kwa jina la ibada. Gari la wagonjwa lingetukuta tunaimba kama lisingepiga king'ora.

Tena tafakarini juu ya ile honi ya nyuma. Madereva watatuunga mkono: kinachomwingiza mtu kwenye mraba wa njano mara nyingi si taa, ni honi. Anajua mbele kumejaa, anaona kwa macho yake, lakini nyuma yake yupo mtu asiyeona ila mkia wa gari, naye anapiga kelele. Pilato alikuwa na macho. Luka atueleza kwamba alisema zaidi ya mara moja kuwa haoni kosa kwa mtu yule, kisha sauti za watu zikamshinda. Dereva wetu naye alisema, "Sina pa kutokea," na sauti zetu zikamshinda. Wapo watakaosema kwamba dereva ni dereva, usukani ni wake, angekataa. Ni kweli, na yeye mwenyewe tunadhani analijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana haji. Lakini hatusomi popote kwamba makutano wale walikwenda nyumbani bila hatia kwa sababu kiti cha hukumu kilikuwa cha Pilato.

Wana wa Israeli walipata kusimama kwenye mstari kama ule. Soma Hesabu sura ya ishirini. Walipokuwa Kadeshi walituma wajumbe kwa mfalme wa Edomu wakiomba kupita katika Njia Kuu ya mfalme. Wakaahidi hawatageuka upande wowote, wala kukanyaga shamba la mtu, na maji watayalipia. Edomu akakataa, akatoka na jeshi. Tazameni sasa: hawa ni watu waliotolewa Misri kwa mkono wa Mungu mwenyewe, safari yao ilikuwa halali kuliko safari zote. Wangeweza kusema tumeahidiwa, sogea kidogo tu, watatupisha. Waligeuka, wakazunguka njia ndefu. Walichoka mno katika njia ile, walinung'unika, na sura inayofuata yasimulia yaliyowapata kwa ajili ya manung'uniko. Hatusemi kungoja ni kutamu. Twasema tu kwamba ahadi ya Mungu haikuwafanya waingie mahali ambapo hapakuwa na pa kutokea.

Turudi kwa kijana wetu na ile kona yake ya kulia. Asubuhi alisimama juu ya rangi ya njano, na jioni alisimama juu ya rangi ya njano. Mtu aliyetazama gari tu angesema ni kosa moja mara mbili, nasi ndivyo tulivyosema. Lakini asubuhi mbele yake palifungwa, akasimama akiwazuia wengine. Jioni mbele yake palikuwa wazi, akasimama akiwapisha wengine. Ukitaka kujua yupi ni yupi usitazame alipo, tazama aendako. Hilo sisi hatukulitazama, maana kutoka viti vya nyuma halionekani, na tuliokuwa mbele tulikuwa tunatazama nyuso za wenzetu. Wale wanne wa Kapernaumu nao, mpita njia angewaona wamepanda juu ya nyumba ya watu wanafumua dari, angewaita wezi. Bwana aliona walikuwa wanaelekea wapi.

Twaja sasa hapa kwetu. Kiwangwa hatuna taa za barabarani, wala mraba wa njano, na mtu aweza kusema haya ni ya Dar es Salaam. Lakini lami hii ya kutoka Bagamoyo kwenda Msata siku hizi hupitisha magari ya Tanga na Moshi na Arusha, mabasi na malori, usiku na mchana, na inapita katikati yetu. Wateja wa mananasi wakisimamisha magari juu ya lami, mmoja kulia na mmoja kushoto, tumekwisha kuchora mraba wetu bila rangi. Akina mama wauzao hapo barabarani twawaomba wawe wakali kwa wateja wao: ashuke chini ya lami kwanza, kisha ndipo abishane bei. Nanasi halikimbii.

Na liko jambo zito kuliko hilo. Ni turubai. Kwenye msiba na kwenye arusi tumezoea kusimamisha turubai juu ya njia ya mtaa, kamba kutoka mwembe huu mpaka ukuta ule, viti vikapangwa mpaka vumbini, na njia imefungwa siku tatu. Nani atasema neno? Ni msiba, watu wanalia. Ni arusi, watu wanafurahi. Nia ni njema, na zamu ni yetu. Mwaka huu huu dada mmoja mwenye uchungu wa kuzaa aliletwa na bodaboda usiku kutoka mashambani akipelekwa zahanati, wakakuta turubai la msiba limeziba njia nyembamba, wakarudi kuzunguka kwa njia ya mashamba gizani. Alijifungua salama, mtoto yupo, tumemwona. Turubai lile lilikuwa la kanisa letu. Hakuna aliyelisema jambo hilo kanisani, na hatukumbuki mtu yeyote kumnyoshea kidole aliyefunga kamba, kwa kuwa aliyefunga kamba tulikuwa sisi sote.

Lakini dereva mmoja alipotuzibia njia kwa amri yetu, tulipata wa kumnyoshea kidole.

Kwa hiyo wazee wa kanisa tulikutana Jumatano iliyopita baada ya sala ya jioni, tukapatana haya. Turubai la kanisa halitatolewa tena, kwa msiba wala kwa arusi, hata kwa mzee wa kanisa, mpaka mmoja wetu aende aone mahali litakaposimama na kuona kwamba gari laweza kupita. Kama uwanja hautoshi, uwanja wa kanisa upo, na hatutatoza kitu. Milango ya kanisa siku za sikukuu, hasa Pasaka na Noeli watu wanapojaa mpaka nje, mlango wa upande wa kusini utaachwa wazi bila kiti wala benchi, na mwenye mtoto mgonjwa au mzee aliyezidiwa atapita hapo.

Kisha siku ile ile, kabla giza halijaingia, watatu kati yetu tulikwenda nyumbani kwa kijana. Tulimkuta anaosha gari la mtu. Mama yake akatukaribisha, tukaketi, tukamwambia mbele ya mama yake kwamba maneno "Sogea kidogo tu" yalikuwa yetu na si yake, na kwamba ile kona ya jioni alikuwa na haki, na kwamba tutayaandika hayo katika gazeti la mtaa. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Wazee wangu, mimi ile kona siioti. Ninaota king'ora." Hatukuwa na jibu. Tulisali naye, tukaondoka.

Safari ya mwezi ujao kwenda kuwatazama wagonjwa Muhimbili iko pale pale, na yeye amekubali kutuendesha. Basi litaondoka uwanja wa kanisa saa kumi kamili za alfajiri badala ya saa kumi na moja. Kiti cha mbele karibu na dereva hatakaa mzee. Atakaa yule bibi, ameomba mwenyewe, na amesema kazi yake itakuwa kuwanyamazisha walio nyuma.